Majukwaa ya kidijitali: Shule ya kata isipimwe kwa kipimo cha shule ya mjini

Na Mwandishi Wetu

JANUARI 2028 shule za sekondari nchini zitapokea makundi mawili ya kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huo huo, kundi la mwisho la darasa la saba la mtaala wa zamani nalo litakuwa linamaliza. Wote wataelekea mlango mmoja.

Hesabu hiyo haikutungwa na wapinzani wala na waandishi wa habari. Inatokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mjini Dodoma Februari 1, 2025. Sera hiyo inaifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari.

Vyumba vya madarasa vinaweza kujengwa kwa miezi michache, kama tulivyowahi kushuhudia. Mwalimu wa fizikia haandaliwi kwa miezi michache. Ndiyo maana, kadiri mwaka huo unavyokaribia, jibu linalosikika zaidi katika semina na warsha ni moja: tutumie TEHAMA, mwalimu mmoja aliye mjini awafundishe maelfu walio vijijini.

Jibu hilo halina ubaya wowote. Tatizo ni swali linalofuata, ambalo mara nyingi huulizwa baada ya fedha kutoka: tutumie jukwaa gani, na tulichague kwa kuangalia shule ya namna gani?

Mwandishi wa makala haya anaamini kwamba majukwaa mengi huchaguliwa kwa kuangalia siku ya uzinduzi. Siku hiyo umeme upo, intaneti ina kasi, fundi wa kampuni yumo chumbani, utepe unakatwa na picha zinapigwa. Jukwaa la shule za umma lingepaswa kuchaguliwa kwa kuangalia siku iliyo mbaya kuliko zote katika shule iliyo nyuma kuliko zote: umeme umekatika, bando limekwisha, na yule mwalimu pekee aliyepata mafunzo amehamishiwa wilaya nyingine.

Neno moja, vitu vingi

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na neno lenyewe. Tunaposema jukwaa la kujifunzia, tunaweka kapu moja vitu visivyofanana hata kidogo.

Ipo programu ya Moodle, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Ni programu huria, haina ada ya leseni, na vyuo vikuu vingi, vikiwamo vya hapa nchini, vinaitumia. Lakini Moodle ni kama nyumba isiyo na samani. Inahitaji seva, inahitaji mtu wa kuitunza na kuisasisha, na inahitaji walimu wa kuandika masomo yatakayowekwa humo. Chuo kikuu kina idara nzima kwa kazi hiyo. Shule ya kata haina mtu wa namna hiyo.

Ipo Google Classroom, iliyofunguliwa mwaka 2014. Ni rahisi kujifunza, na mwalimu anaweza kuanza kuitumia siku hiyo hiyo. Lakini kila mwanafunzi anahitaji akaunti, na kila akaunti inahitaji intaneti.

Yapo majukwaa yaliyozaliwa hapa hapa. Shule Direct, iliyoanzishwa na Faraja Nyalandu mwaka 2013, huweka mtandaoni masomo yanayofuata mtaala wa Tanzania, na ikafungua pia njia ya ujumbe mfupi wa simu kwa wale wasio na intaneti. Ubongo Kids, katuni iliyoanza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014, ilichagua televisheni na baadaye redio, kwa hoja kwamba vyombo hivyo tayari vimo majumbani. Kenya nako kuna Eneza Education, inayowafikia wanafunzi kwa simu za kawaida, zile za kubonyeza.

Na ipo aina ambayo haizungumzwi sana katika semina zetu, yaani majukwaa yaliyoundwa tangu mwanzo kufanya kazi bila intaneti. Kolibri, iliyotolewa mwaka 2017 na shirika la Learning Equality la Marekani, ni mojawapo. Masomo hupakuliwa mara moja, mahali penye mtandao, yakawekwa kwenye kompyuta moja ndogo. Kompyuta hiyo hupelekwa shuleni, na vifaa vya wanafunzi huunganishwa nayo kwa mtandao wa ndani wa chumba, bila kugusa intaneti ya nje. Hata Raspberry Pi, kompyuta inayoenea kiganjani na inayotumia umeme usiozidi ule wa taa moja ndogo, inaweza kuifanya kazi hiyo.

Ukiwauliza wauzaji ni lipi bora kati ya hayo, kila mmoja atataja lake. Swali lenyewe ni bovu, kwa sababu halisemi bora kwa nani.

Hesabu ya darasa moja

Tuchukue mfano rahisi wa shule mbili katika halmashauri moja. Ya kwanza ipo makao makuu ya wilaya, ina chumba cha kompyuta, mlinzi, na mnara wa simu unaoonekana kutoka dirishani. Ya pili ni shule ya kata, moja ya zile zilizojengwa kwa wingi wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004. Nguzo ya umeme imefika kijijini, lakini waya umeishia ofisi ya mkuu wa shule. Mawimbi ya simu hupatikana ukisimama karibu na mlingoti wa bendera.

Somo la video la dakika kumi, kwa ubora wa kawaida, linaweza kuwa na ukubwa wa megabaiti 50 hivi. Darasa la wanafunzi 60 wakilitazama kila mmoja kwenye kifaa chake kupitia intaneti, watakuwa wametumia megabaiti 3,000, yaani gigabaiti tatu, kwa dakika kumi za somo moja. Somo lile lile likipakuliwa mara moja na kuwekwa kwenye seva ndogo ya darasani, linatumia megabaiti 50 tu, na linaweza kurudiwa na mikondo mingine hadi mwisho wa mwaka bila kuongeza hata senti moja.

Sasa tuweke fedha pembeni ya hesabu hiyo. Kiwango cha ruzuku ya uendeshaji kwa sekondari kilichowekwa enzi za MMES ni Sh25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule ya wanafunzi 600 inapata kwa kiwango hicho Sh15 milioni. Humo zimo chaki, karatasi za mitihani, vifaa vya maabara, ukarabati na ankara ya umeme. Mkuu wa shule anayeambiwa aongeze bando la kila siku kwa wanafunzi wote anaambiwa jambo ambalo halimo katika daftari lake.

Wapo watakaosema bei za intaneti zinashuka. Ni kweli zimeshuka sana tangu nyaya za SEACOM na EASSy zilipofika pwani yetu mwaka 2009 na 2010. Lakini bei ni upande mmoja tu. Mei 12, 2024 nyaya hizo hizo mbili zilikatika baharini kwa siku moja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Sababu za matukio hayo mawili hazifanani hata kidogo, lakini kwa mwanafunzi ambaye daftari lake lote lipo mtandaoni matokeo yalikuwa yale yale.

Yaliyowakuta Wamisri

Kuna funzo jingine, nalo limetoka Misri.

Shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19 Machi 2020, Wizara ya Elimu ya nchi hiyo iliamua kutumia Edmodo, jukwaa lililoanzishwa Marekani mwaka 2008 na kununuliwa mwaka 2018 na kampuni ya NetDragon ya China. Lilikuwa la bure, na lilikuwa linajulikana duniani kote. Zaidi ya wanafunzi milioni 20 wa Misri waliwekewa mlango humo, na wanafunzi wa madarasa ya chini wakawasilisha kazi zao za utafiti kupitia jukwaa hilo badala ya kufanya mitihani.

Septemba 22, 2022 Edmodo ilifungwa. Halikuwa suala la kuuzwa kwa mwingine wala kubadilishwa jina. Wenyewe walisema hawawezi tena kuliendesha, wakawapa watumiaji muda mfupi wa kuchukua mafaili yao.

Nchi ya Misri haikuanguka kwa hilo, kwa sababu ilikuwa na kitu kingine. Tangu mwaka 2016 ilikuwa imefungua maktaba yake ya kidijitali ya taifa, Benki ya Maarifa ya Misri, inayomilikiwa na serikali. Vitabu na masomo yaliyokuwa humo yalibaki. Kilichopotea ni kile kilichojengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine.

Huo si mfano wa pekee. Mwaka 2021 Google ilitangaza kwamba nafasi isiyo na kikomo ya kuhifadhi mafaili, iliyokuwa ikitolewa bure kwa shule na vyuo, ingewekewa kikomo, na mwaka uliofuata utaratibu huo ukaanza kutumika. Kampuni ina haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa mali ni yake. Vyuo vilivyokuwa vimejaza humo video za miaka mingi ndivyo vilivyolazimika kuanza kufuta.

Ripoti ya Unesco ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu inaeleza kwamba bidhaa za teknolojia ya elimu hubadilika kwa wastani kila baada ya miezi 36. Mtoto anayeanza kidato cha kwanza anahitaji miezi 48 kufika mtihani wa kidato cha nne. Mwenye kuingia mkataba bila kuilinganisha miezi hiyo anawekeza kwenye basi litakaloishia njiani.

Tanga walishajaribu

Kinachoshangaza ni kwamba tunapotafuta mifano, tunaangalia Ulaya na Asia, wakati jaribio kubwa kuliko mengi duniani kuhusu vishikwambi na watoto wasio na shule lilifanyika hapa nchini, mkoani Tanga.

Shindano la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi ya jumla ya dola milioni 15 za Marekani, lilizitaka timu kutoka nchi mbalimbali zitengeneze programu itakayomwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu mwenyewe, bila mwalimu. Programu za timu tano zilizofika fainali zilijaribiwa kwa muda wa miezi 15 katika vijiji takriban 170 vya Tanga, kwa ushirikiano na Serikali, Unesco na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watoto zaidi ya 2,000 walishiriki. Wengi wao hawakuwahi kuingia darasani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili.

Mei 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, zilitangazwa kugawana zawadi kuu ya dola milioni 10. Idadi ya watoto wasioweza kusoma neno lolote ilikuwa imepungua sana.

Magazeti ya wakati ule yaliandika zaidi juu ya dola. Masharti ya shindano ndiyo yenye faida kwetu leo. Programu zote zilitakiwa kuwa kwa Kiswahili. Zilitakiwa kufanya kazi bila intaneti. Vijiji viliwekewa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Programu za fainali zilitakiwa kutolewa kama programu huria, ili nchi yoyote iweze kuzichukua na kuzirekebisha.

Kwa maneno mengine, waandaaji walianza na siku mbaya. Walijiuliza mtoto wa kijiji cha Tanga ana nini na hana nini, ndipo wakatunga masharti. Wahandisi wa kigeni wakalazimika kuyafuata.

Lakini tusizidishe sifa. Jaribio lile lilihusu kusoma, kuandika na kuhesabu, si kemia ya kidato cha tatu. Na watoto wale walikuwa hawana shule kabisa, hivyo kishikwambi kilikuwa kikishindana na kukosa kila kitu. Kuondoa ujinga wa kutokujua herufi ni jambo moja, kumfundisha kijana kanuni za umeme ni jambo jingine linalomtaka mwalimu awepo.

Kifaa kwanza, somo baadaye

Majirani zetu walifuata njia nyingine. Kenya, kutokana na ahadi ya uchaguzi ya mwaka 2013, ilisambaza zaidi ya vifaa milioni moja katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000 kuanzia mwaka 2016. Kwa kasi ya kusambaza, hakuna nchi ya ukanda huu iliyoifikia. Hata hivyo, Machi 2020 watoto waliporudishwa nyumbani, vifaa vile vilikuwa mali ya shule na vikabaki shuleni. Wanafunzi wengi walitegemea redio, televisheni na simu za wazazi.

Peru ililipa zaidi kwa funzo kama hilo. Ilinunua mamia ya maelfu ya kompyuta za mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto. Utafiti wa Benki ya Maendeleo ya Amerika uliotolewa mwaka 2012, katika shule 319 za vijijini, haukuona tofauti katika alama za hisabati na lugha kati ya shule zilizopata kompyuta na zisizopata.

Hapa kwetu, vishikwambi zaidi ya 200,000 vilinunuliwa kwa ajili ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, na baada ya kazi hiyo vikagawiwa walimu. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwani nchi ngapi hutupa vifaa vya sensa stoo? Lakini uliacha swali moja wazi: ndani ya kishikwambi kile mwalimu anakuta nini? Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya ngazi zote, bila malipo, na ina mfumo wa kuwafundisha walimu walio kazini, maarufu kwa jina la MEWAKA. Vyote viwili vipo mtandaoni, na mwalimu huvifikia kwa bando lake mwenyewe.

Hapa ndipo penye kasoro, na ndipo penye tiba. Kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 32 ni ndogo kuliko ukucha, nayo inaweza kubeba vitabu vyote vya kiada vya sekondari na nafasi ikabaki. Mwalimu akiondoka na kadi hiyo kutoka ofisi ya elimu ya wilaya, anakuwa na maktaba hata pale mlingoti wa bendera usipopata mawimbi.

Mtaala umebadilika, programu je?

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa majukwaa hawalitaji mpaka waulizwe. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, na unaendelea kupanda ngazi mwaka hadi mwaka. Umeleta masomo mapya, likiwamo la Historia ya Tanzania na Maadili, na umefungua mkondo wa amali katika sekondari. Masomo ya video yaliyorekodiwa kwa mihtasari ya zamani yanazeeka huku yakionekana mapya.

Vivyo hivyo kwa lugha. Mtoto wetu husoma kwa Kiswahili hadi anapomaliza shule ya msingi, kisha anaingia kidato cha kwanza akikutana na Kiingereza katika karibu kila somo. Januari 2028 wataingia wa darasa la sita na wa darasa la saba pamoja, wakiwa na tofauti ya mwaka mzima wa kusoma. Jukwaa la kigeni lenye video nzuri za hisabati, linalozungumzwa kwa haraka na kwa lafudhi ya Marekani, litawafaa wachache waliotoka shule za mchepuo wa Kiingereza. Wale wengine watatazama picha.

Hivyo, kabla ya kuuliza jukwaa lina vipengele vingapi, ofisa elimu angeuliza maswali mawili makavu: masomo haya yanafuata muhtasari wa mwaka gani, na nani atayarekebisha muhtasari ukibadilika tena? Jibu likiwa ni kampuni kwa malipo ya ziada, basi malipo hayo yaandikwe sasa.

Majina ya watoto

Jukwaa linalomtaka mwanafunzi ajisajili linakusanya jina lake, shule yake, alama zake, na mara nyingine mahali alipo. Shirika la Human Rights Watch lilichunguza bidhaa zaidi ya 160 za elimu zilizopendekezwa na serikali mbalimbali wakati wa Uviko-19, na katika ripoti yake ya mwaka 2022 likasema karibu asilimia 89 kati ya hizo zilikuwa na mwenendo unaohatarisha haki za watoto katika kushughulikia taarifa zao.

Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina Tume ya kuisimamia. Mkuu wa shule anayekubali jukwaa la bure kwa niaba ya wanafunzi 600 ambao wengi wao hawajafikisha miaka 18 anaweza asijue kwamba sheria hiyo inamgusa. Ni vyema akajua kabla ya mzazi mmoja hajamuuliza.

Halmashauri ichague, TET imiliki

Baadhi ya wasomaji watasema suluhisho ni Serikali kuchagua jukwaa moja kwa nchi nzima, ili fujo ikome. Rai hiyo ina mvuto, na ina nusu ya ukweli.

Kitu kinachopaswa kuwa kimoja ni somo lenyewe. Maelezo ya somo, mazoezi, video na vitabu viandaliwe au vithibitishwe na TET, vimilikiwe na umma, na vihifadhiwe katika muundo wa kawaida unaoweza kuhamishwa kutoka jukwaa moja kwenda jingine. Chombo cha kulibeba somo hilo hakina lazima ya kuwa kimoja. Shule ya mjini ilisome mtandaoni. Shule ya kata ilisome kutoka kwenye seva ndogo iliyo ofisini kwa mwalimu wa taaluma. Nyumbani kwenye redio tu, lisikike redioni.

Wala hilo si geni kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili kwa redio, kijitabu na kiongozi wa kikundi. Somo lilikuwa moja kwa nchi nzima, na vyombo vya kulifikisha vilikuwa vitatu, kila kimoja kikiziba pengo la mwenzake. Betri za redio zilipokwisha, kijitabu kilikuwapo. Zanzibar nako, kuanzia mwaka 2006, watoto wadogo walifundishwa kwa kipindi cha redio cha Tucheze Tujifunze, katika vikundi vilivyoongozwa na watu wazima wa kijijini.

Wanaodhani hizo ni zama zilizopita wakumbuke mwaka 2020. Shule zilipofungwa Machi, ni redio na televisheni zilizobeba vipindi vya masomo hadi shule zilipofunguliwa Juni. Majukwaa ya mtandaoni yaliwasaidia zaidi wale ambao tayari walikuwa na simu janja, umeme na mzazi wa kulipia bando. Katika kaya yenye simu moja, simu hiyo huondoka na baba asubuhi na kurudi naye jioni, wakati binti wa nyumba hiyo yupo jikoni. Isitoshe, shule zetu nyingi zinamkataza mwanafunzi kufika na simu. Huwezi kumkataza kifaa asubuhi na kumpa kazi ya kifaa hicho hicho jioni bila kueleza atakipata wapi.

Kwa upande wa halmashauri, kazi yake iwe kuzigawa shule zake kwa ukweli, kwa kuangalia umeme unaofika darasani na si kijijini, mawimbi yanayopatikana ndani ya chumba na si uwanjani, na idadi ya walimu walio tayari kutumia kifaa. Shule zinazofanana zipewe chombo kinachofanana, ili fundi mmoja aweze kuzihudumia zote kwa pikipiki. Mafunzo wapewe walimu wasiopungua watatu kila shule, kwa sababu uhamisho haupigi hodi. Na mkataba wowote utaje mambo manne bila kumung'unya maneno: kazi bila intaneti, haki ya kuondoka na mafaili yote, muhtasari unaofuatwa, na nani analipia betri mpya ya mwaka wa tatu.

Hilo la betri linaonekana dogo, lakini miradi mingi ya umeme wa jua mashuleni huishia hapo. Paneli hudumu miaka 20 na zaidi, ila betri za kawaida za risasi hufa ndani ya miaka mitatu au minne. Wafadhili hununua paneli, na bajeti ya betri hukosa mwenyewe.

Wanafunzi wa Januari 2028 wataingia darasani katikati ya mwaka wa fedha wa 2027/28, unaoanza Julai 1, 2027. Makadirio ya mwaka huo hupita kwanza katika mabaraza ya madiwani, miezi kadhaa kabla ya kufikishwa bungeni. Mkuu wa shule anayetaka seva, kadi za kumbukumbu, mafunzo ya walimu watatu na hiyo betri ya pili viwemo, anapaswa karatasi yake iwe imefika kwa ofisa elimu wa sekondari kabla madiwani hawajaketi.